Bata, Clarks na majirani wa Herzogenaurach: kiatu kipi kwa kazi ipi?

Watu wengi wa Kenya wamekua wakiamini kwamba Bata ni kampuni ya hapa hapa nyumbani. Jina lenyewe linachochea kosa hilo, kwa kuwa ni neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua kwa sababu ya ndege anayeogelea, na duka lake limekuwa alama ya mahali katika miji mingi, kiasi kwamba mtu hupanga kukutana na mwenzake "pale Bata" bila kufafanua zaidi. Ukweli ni kwamba jina hilo ni la ukoo wa mafundi viatu wa Zlín, mji wa Moravia ulio katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Nalitaja kosa hilo mwanzoni kwa sababu lina chimbuko lake katika historia, na historia hiyo inamfaa mnunuzi kuliko anavyodhani.

Makala haya yanamlenga mtu mwenye fedha za jozi moja, ambaye mbele yake kuna duka la Bata, duka la chapa za kigeni, meza ya mitumba, na fundi wa akala, yaani sandali za matairi, aliyeketi kando ya barabara. Ulinganisho mwingi wa viatu huanza na bei ukaishia kwenye rangi. Mimi nitaanzia kwingine. Kila kampuni ya viatu ilizaliwa au kukuzwa na shida fulani, na kwa kadiri nilivyoona, shida ile ya awali ndiyo ambayo kampuni huendelea kuitatua vizuri zaidi, hata baada ya waanzilishi kufa na viwanda kuhamia bara jingine. Bata ilihangaikia bei. Clarks ilihangaikia umbo la mguu. Adidas na Puma, wale majirani wa Herzogenaurach, zilimhangaikia mwanariadha. Mnunuzi anayekwenda Clarks kutafuta kiatu cha kukimbilia, au anayemnunulia mtoto wa darasa la tatu raba za mbio za masafa marefu kwa ajili ya kuvaa shuleni, anaipa kampuni kazi ambayo siyo yake.

Bata: kiatu cha mtu asiye na fedha nyingi

Tomáš Baťa, pamoja na kaka yake Antonín na dada yao Anna, walifungua karakana yao mwaka 1894, wakati Zlín ilipokuwa bado chini ya dola ya Austria na Hungaria. Haukupita muda mrefu wakalemewa na madeni. Ngozi ilikuwa ghali na fedha za kuinunulia hazikuwepo, hivyo Tomáš akageukia kitambaa cha turubai, akashona kiatu chepesi chenye ngozi kidogo tu. Kiatu hicho, ambacho watu walikiita batovka kwa jina la ukoo, kilikuwa cha bei ndogo, na ndicho kilichoiokoa karakana. Mwaka 1904 Tomáš alikwenda Marekani na wenzake wachache, akafanya kazi katika mji wa viwanda vya viatu wa Lynn, Massachusetts, akajionea jinsi mashine zinavyoweza kugawana kazi ambayo fundi mmoja wa Zlín aliifanya mwanzo hadi mwisho. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta oda za buti za jeshi, na kiwanda kikakua.

Tukio linaloieleza Bata kuliko mengine yote lilitokea tarehe 1 Septemba 1922. Sarafu ya Czechoslovakia ilikuwa imepanda thamani, wateja wa nje walikuwa wametoweka, maghala yalikuwa yamejaa viatu, na viwanda vingine vilikuwa vikisubiri serikali ifanye jambo. Siku hiyo Tomáš alishusha bei za viatu vyake kwa nusu. Wafanyakazi walikatwa asilimia 40 ya mshahara, na kampuni ikawauzia chakula na nguo kwa nusu bei ili maisha yasiwashinde. Maghala yakawa matupu, washindani wakabaki wameduwaa, na kuanzia hapo kampuni ikajenga kila kitu juu ya bei. Karakana ndani ya kiwanda zilifanywa kuwa kama biashara ndogo zinazouziana, moja ikinunua ngozi iliyokatwa kutoka kwa nyingine na kugawana faida na wafanyakazi wake. Ukutani kuliandikwa kwamba siku ina sekunde 86,400. Maduka yalimilikiwa na kampuni yenyewe, na katika maduka ya kwao mteja aliweza kukarabatiwa viatu na hata kuhudumiwa miguu. Bei ziliishia na tarakimu 9, desturi ambayo mnunuzi wa Nairobi anaitambua mpaka leo.

Tomáš alikufa tarehe 12 Julai 1932, ndege yake ilipoanguka katika ukungu karibu na Zlín, na ndugu yake wa baba, Jan Antonín, akashika usukani. (Huyu ndiye aliyejengewa ofisi ndani ya lifti, yenye beseni la kunawia, ili ahamie ghorofa yoyote bila kuinuka kitini. Jengo hilo lilikamilika mwaka 1938 na bado lipo.) Miaka hiyo nchi nyingi zilikuwa zimepandisha ushuru wa bidhaa za nje, na kampuni iliyoishi kwa bei ndogo isingeweza kuvumilia ushuru mkubwa. Jibu lake lilikuwa kujenga kiwanda ndani ya nchi husika, pamoja na nyumba za wafanyakazi: East Tilbury kule Uingereza, Batanagar karibu na Kolkata nchini India, Batawa kule Kanada. Kiwanda cha Limuru, kilichojengwa enzi za ukoloni, ni mmoja wa watoto wa mkakati huo. Kisha mwaka 1945 serikali ya Czechoslovakia ikataifisha mali yote ya Zlín, na mwana wa Tomáš, aliyekuwa tayari Kanada, akaendelea na kilichosalia, yaani viwanda vya ugenini. Kwa miongo kadhaa, basi, Bata ilikuwa kampuni isiyo na kwao. Ilibidi iwe ya Kihindi India na ya Kikenya Kenya, na ndiyo maana hatujawahi kuiona kuwa ngeni.

Msomaji wa Tanzania atasema kwamba Bata yake ni nyingine, naye atakuwa sahihi. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilichukua hisa nyingi za Bata ya Tanzania pamoja na za makampuni mengine kadhaa, na baadaye viatu vyake vikauzwa kwa jina la Bora. Ipo pia habari ya kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ya kupelekwa Ulaya. Kuta zake zilikuwa za bati la alumini, na hewa haikupita vizuri katika hali ya joto la Morogoro. Vipuri na malighafi vilikosekana, uzalishaji haukufika hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na Ulaya haikuvaa kiatu cha Morogoro. Kiwanda kilifungwa mwaka 1990. Nikikiweka kando ya Limuru naona tofauti moja kubwa: Limuru ilianza na mteja wa hapa na bei anayoiweza, ilhali Morogoro ilianza na mteja wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Leo Moshi kuna kiwanda cha Karanga, ubia wa Jeshi la Magereza na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambacho kinaanza na buti za askari na viatu vya ngozi vya soko la ndani, na kwa maoni yangu huo ni mwanzo wenye akili zaidi.

Kwa mnunuzi, historia hii ina maana nyepesi. Kiatu cha shule, kiatu cha turubai cha michezo ya shule, ndala za nyumbani na kiatu cha ngozi cha kazi ya kila siku ndiyo bidhaa ambazo Bata imezitengeneza kwa muda mrefu zaidi kwa ajili ya watu wa kipato kama chetu. Kiatu chake cheupe cha turubai kiitwacho Bata Tennis kilibuniwa India mwaka 1936 kwa ajili ya wanafunzi. Mtoto anayepiga mpira wa makaratasi kwa kiatu kile kile anachovaa darasani hahitaji teknolojia ya mbio. Anahitaji pua ngumu, soli isiyobanduka, na bei ambayo mzazi ataimudu tena mwakani mguu utakapokuwa umekua. Kwa kazi hiyo ningechagua Bata kabla ya chapa yoyote nitakayoitaja hapa chini, na sitarudi kwenye jambo hilo tena.

Dukani, hata hivyo, usiridhike na jina. Kigeuze kiatu, ukikunje mahali ambapo vidole hukunjia, uangalie mstari wa kukutana kwa soli na ngozi. Soli iliyomiminwa moja kwa moja juu ya ngozi haionyeshi mpasuko wowote pale, wala haina gundi ya kubanduka, lakini ikichakaa imechakaa, kwa sababu fundi hana pa kuishikilia. Soli iliyobandikwa kwa gundi huonyesha uzi mwembamba wa kung'aa ukiikunja, na fundi anaweza kuibandika upya. Soli iliyoshonwa inaonyesha mshono wa kweli. Nasema wa kweli kwa sababu viwanda vingi huchora mshono wa bandia kwenye raba kwa ajili ya macho. Pitisha ukucha: mshono wa kweli unakwaruza na nyuzi zake zinaingia ndani ya soli, ule wa bandia unateleza.

Clarks: kampuni iliyopima miguu

Mwaka 1825, katika kijiji cha Street, Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, Cyrus Clark alianza biashara ya ngozi za kondoo na mazulia. Mdogo wake James aliona mabaki ya ngozi yakitupwa, akayashona kuwa viatu laini vya kuvaa ndani ya nyumba, na biashara ya mabaki ikaishia kuimeza biashara ya mazulia. Walikuwa waumini wa madhehebu ya Kwekeri, na kampuni ilipokaribia kufilisika mwaka 1863, mikopo ya Wakwekeri wenzao ndiyo iliyoinusuru. Kufikia hapo hakuna la kumsisimua mnunuzi. Linalomhusu lilikuja mwaka 1883, Clarks ilipotoa viatu ilivyoviita vya kiafya, vilivyofuata umbo la mguu badala ya kuulazimisha mguu ufuate mtindo wa wakati ule. Katika karne ya 20 ikaendelea na njia hiyo kwa kifaa cha kupimia miguu ya watoto, kinachopima urefu na upana, na kwa viatu vyenye nusu namba na herufi za upana. Kwa wanaume, G ni upana wa kawaida na H ni mpana zaidi.

Hapa ndipo Clarks inapoishinda Bata waziwazi. Watu wengi walioanza kuvaa viatu vya kufunika ukubwani, au waliokulia katika ndala na kandambili, wana miguu mipana mbele, na duka la kawaida likiwapa kiatu kinachobana huwaambia wachukue namba kubwa zaidi. Ushauri huo ni mbaya. Namba moja ya Kiingereza huongeza takribani milimita 8.5 za urefu, na ile ya Ulaya bara takribani milimita 6.7; urefu huo unakwenda mbele ya vidole, mahali ambapo haukuhitajika, kisigino kinaanza kupwaya, na mvaaji anatembea kama mtu aliyeazima. Mtu wa aina hiyo, hasa anayesimama kutwa kazini, mwalimu au muuguzi kwa mfano, atanufaika zaidi na Clarks moja ya upana wake kuliko jozi tatu za namba isiyo yake, ingawa atailipia fedha nyingi.

Sharti ni kwamba asilipie asili ambayo haipo tena. Kiwanda cha mwisho kati ya vile vya zamani pale Street kilifungwa mwaka 2005, viatu hushonwa Asia, na mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Hong Kong ilinunua zaidi ya nusu ya hisa, ukoo wa Clark ukakoma kuwa mwenye sauti ya mwisho baada ya karibu miaka 200. Anayekuambia ununue Clarks kwa sababu "ni ya Uingereza" anakuuzia hadithi. Kilichobaki cha Street ni kalibu, yaani maumbo ya miguu ambayo viatu hushonwa juu yake, na kwangu kalibu ina uzito kuliko bendera.

Ulinganisho mzuri zaidi kati ya kampuni hizi mbili ni buti fupi za swedi. Clarks ina Desert Boot, na Bata ya Kenya ina Safari Boot inayotengenezwa Limuru. Kwa mbali ni mapacha: ngozi ya swedi inayofika juu kidogo ya kifundo cha mguu, rangi ya mchanga au ya kahawia, matundu machache ya kamba, hakuna urembo. Nathan Clark, wa kizazi cha nne cha ukoo huo, alipokuwa afisa wa jeshi la Waingereza kule Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliona wenzake wamevaa buti za namna hiyo walizoshonewa sokoni Cairo, zenye soli ya krepu, yaani mpira ghafi usiopikwa. Aliporudi, kampuni ilimsikiliza kwa kusitasita. Buti hiyo ilionyeshwa Chicago mwaka 1949 na ikapendwa huko kabla haijapendwa Uingereza. Nyuma ya zote mbili inasemekana kuna kiatu cha wakulima wa Afrika Kusini kiitwacho veldskoen, kwa hiyo mtu wa Nakuru anayevaa Safari Boot amevaa kitu chenye undugu wa karibu na bara lake kuliko jina la Kiingereza linavyodokeza.

Zikae sasa kando kwa kando. Soli ya krepu ya Desert Boot ni laini sana unapoanza kuivaa, na hakuna anayebisha kwamba ni ya starehe. Lakini krepu hunyonya uchafu, hugandwa na vumbi jekundu mpaka pembeni pakawa pamepakwa udongo daima, huteleza kwenye vigae vilivyoloa, na katika joto kali hulainika. Ilibuniwa kutokana na kiatu cha jangwani, na jangwa halina matope ya Aprili. Soli ya mpira uliopikwa ni ngumu zaidi siku za kwanza, ila lami ya jua la saa saba haiisumbui. Upande wa ngozi, swedi ya Desert Boot za daraja la juu hutoka kwa Charles F. Stead, watengeneza ngozi wa Leeds, na mkono unaihisi tofauti: nyuzi zake ni fupi, zimesongamana, zinarudi mahali pake ukizipangusa kwa kidole. Kwa mfanyakazi wa ofisi asiyetembea sana, mwenye gari au anayekaa Ulaya, ningesema Desert Boot. Kwa mtu anayepanda matatu, anayekatiza uwanja wenye vumbi, na ambaye akiharibu jozi anataka kuipata nyingine bila kuagiza kutoka nje, Safari Boot inatosha na kuzidi, na tofauti ya bei itamnunulia viatu vya mtoto.

Herzogenaurach, na wale waliokuja baadaye

Katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Bavaria, nchini Ujerumani, ndugu wawili, Adolf na Rudolf Dassler, walikuwa na kampuni moja ya viatu vya michezo tangu mwaka 1924, iliyoanzia katika chumba cha kufulia cha mama yao. Jesse Owens alivaa viatu vyao vya misumari mjini Berlin mwaka 1936, akashinda medali nne za dhahabu. Baada ya vita ndugu hao waligombana, na ugomvi haukupona. Rudolf alianzisha Puma mwaka 1948. Adolf, aliyeitwa Adi, akasajili Adidas mwaka 1949. Mto Aurach ulitenganisha pande mbili za mji, na ilisemwa kwamba wenyeji walitembea wameinamisha shingo ili watazame kwanza viatu vya mtu kabla ya kumsalimu. Ndugu hao walipokufa walizikwa katika makaburi yale yale, kila mmoja mwisho wake.

Ugomvi huo ulizaa ushindani, na ushindani ukazaa njumu za kisasa. Katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1954 mjini Bern, Ujerumani Magharibi iliifunga Hungaria 3 kwa 2 katika mvua, wachezaji wake wakiwa na njumu za Adidas zenye meno ya kufungua na kufunga, hivyo waliweza kuweka meno marefu uwanja ulipolowa. Somo kwa mnunuzi wetu limegeuka kichwa chini. Meno marefu ya kufungua yalitatua shida ya nyasi laini zenye maji. Uwanja wa mtaani wa Temeke au Kariobangi ni mgumu kama sakafu, na meno hayo yanamwinua mchezaji juu ya ncha chache zinazoumiza nyayo na kuyumbisha vifundo. Chagua njumu zenye meno mengi mafupi yasiyofunguka, ziwe za Adidas, Puma au nyingine. Baina ya hizo mbili sioni sababu ya haki ya kupendelea upande wowote wa mto.

Nike ni kiumbe wa aina nyingine. Phil Knight na kocha wake Bill Bowerman walichanga dola 500 kila mmoja mwaka 1964, wakaanza kuagiza viatu vya Tiger vya kampuni ya Onitsuka ya Kobe, Japani, na kuviuza Oregon. Jina la Nike lilikuja mwaka 1971, pamoja na alama iliyochorwa na mwanafunzi aliyelipwa dola 35, na Onitsuka yenyewe ikaja kuwa Asics mwaka 1977. Nike ilianza kama mwagizaji, na imeendelea kuwapa wengine kazi ya kushona: nguvu yake iko katika ubunifu na katika kujitangaza. Hilo siyo tusi. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 akiwa na kiatu cha Nike, na Kelvin Kiptum akaweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023. Wakati huo shirikisho la riadha duniani lilikuwa limekwisha kuweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli za mbio za barabarani.

Mtu anayekimbia asubuhi ili apunguze tumbo anapaswa kuviheshimu viatu hivyo na kuviacha dukani. Mwaka huo huo wa 2023 Tigst Assefa wa Ethiopia alikimbia 2:11:53 mjini Berlin na kiatu cha Adidas chenye uzito wa takribani gramu 138, kilichouzwa dola 500, na ambacho kampuni yenyewe ilisema kimekusudiwa mbio moja tu ya marathoni. Kilinganishe na kiatu cha shule kinachotakiwa kuvuka mihula mitatu. Kwa mkimbiaji wa kawaida, raba ya mazoezi ya daraja la kati kutoka Asics, Adidas au Nike inafaa, na kigezo ni mguu wake, siyo bingwa aliye kwenye tangazo. Anayetaka fedha yake ikae karibu na nyumbani aitazame Enda, chapa ya Kenya iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, iliyochangisha fedha mtandaoni mwaka 2016 na kukiita kiatu chake cha kwanza Iten. Jina lake ni amri ambayo kila Mswahili anaielewa. Ni kampuni changa, haina aina nyingi, na mwenye mguu mpana sana huenda asipate chake. Lakini ni ya kwanza kwa viatu vya kukimbilia kuanza na mkimbiaji wa hapa badala ya kumtumia kwenye picha.

Meza ya mitumba

Wengi wetu hatununui katika maduka hayo. Tunanunua Gikomba, au Karume pale Ilala, ambako Clarks, Adidas na viatu visivyo na jina hulala katika rundo moja. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilitishia, Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Hoja ya viwanda vyetu ni ya kweli. Hata hivyo, mwenye fedha za kiatu kipya cha kuiga chapa kubwa afadhali anunue mtumba halisi, kwa sababu mwigaji huiga alama, haigi kalibu.

Ila kuna mtego, nami niliingia. Nilinunua viatu vya ngozi vya mtumba, safi, soli nene isiyochakaa hata kidogo, nikavivaa kwa mara ya kwanza harusini. Kabla ya chakula soli ya mguu wa kulia ilianza kumeguka kama mkate mkavu, nikaacha vipande kutoka mlangoni mpaka mezani. Soli za poliyurethani huozeshwa na unyevu wa hewa polepole, hata zikiwa kabatini bila kuvaliwa, na kiatu kilichokaa miaka mingi kinaweza kuonekana kipya siku moja kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo soli ya mtumba ambayo haijachakaa siyo lazima iwe habari njema. Ibonyeze kwa nguvu kwa ukucha pembeni: ikibaki na alama, ikinata, au ikitoa unga, irudishe mezani. Soli ya mpira uliopikwa au ya ngozi haina ugonjwa huo, na mtumba wenye soli iliyoliwa kidogo kisiginoni mara nyingi ni salama zaidi.

Akala, ambayo Tanzania huitwa pia katambuga, sikuiweka kwenye mizani na zile nyingine mapema kwa sababu inashinda mashindano moja kwa mbali na kushindwa yaliyobaki. Hakuna soli ya kiwanda itakayodumu kuliko tairi la lori. Haifai ofisini, ni nzito, na kamba zake huchubua wiki ya kwanza. Kule Addis Ababa, Bethlehem Tilahun Alemu aliichukua sandali kama hiyo ya matairi, akaanzisha soleRebels mwaka 2004, na kuiuza nje ya Ethiopia kwa bei ya chapa. Kwa kazi ya shamba la miiba, kuchunga, au kusimama sokoni kwenye maji, sijaona cha kuishinda. Na katika wauzaji wote niliowataja, fundi wa akala ndiye pekee aliyewahi kuniambia nivue nilichovaa, niweke mguu wenyewe juu ya kipande cha tairi, akauzungushia chaki, kisha akanitaka niweke na wa pili, kwa kuwa, alisema, haijawahi kutokea miguu miwili ya mtu mmoja ikalingana.